Matroni wa Punje ya Mtama

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe fundi, unajua kuchora titi?"

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Kibandani kwangu, pale jirani na soko, walikuwamo wateja waliokuja kufuata kibao cha saluni, wakaangua kicheko. Mimi nikainamia kopo la rangi kama niliyedondosha kitu ndani. Yeye hakucheka na hakukasirika. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapakata ungo wake, akangoja jibu. Nikasema najua. "La mama aliyenyonyesha," akasema, "si la binti wa kwenye kalenda." Wateja wakanyamaza, maana kila mmoja wetu alikuwa na mama.

Tabora haikosi matroni, lakini ukisema Matroni tu, bila kuongeza jina wala wodi, mtu atakuelekeza kwa kidevu mpaka mlangoni kwake. Kuzaliwa kwake sikujui, na ukoo wake wataueleza wenye ukoo. Nilimkuta tayari amestaafu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi, mkoba umejaa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyokuwa akiitafuna safarini kama watu wengine wanavyotafuna bigijii. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Nilikuwa Fundi, na pale nilipochelewesha kazi nilikuwa Bwana Fundi, na hilo la bwana lilikuwa linauma.

Kazi aliyojitwisha baada ya kustaafu ilikuwa kutunga masomo ya wagonjwa wa saratani na ndugu zao. "Kutunga" ndilo neno lake mwenyewe, kama mtu wa kwaya. Kanisa lilimpa ukumbi siku ambazo hakuna kipaimara wala harusi, hospitali ikampa dawa za kuonyeshea, basi. Mengine alijitafutia. Alikwenda Nzega, Bukene na Puge kwa basi, kwa treni, au nyuma ya pikipiki yangu, ungo ukiwa umefungwa mgongoni kwake kwa khanga.

Masomo yenyewe yalikuwa na mpangilio ambao mwanzoni niliuona wa ajabu. La kwanza aliliita somo la mlangoni: namna ya kujipapasa, nini cha kutafuta, uende wapi ukikiona. La mwisho lilikuwa somo la kitandani: namna ya kumgeuza mgonjwa, kumwosha kidonda, kumpimia dawa ya maumivu. Katikati yalikuwapo mengine, ya chakula, ya safari, ya maneno ya kumwambia mtoto. Lakini hakuanza na ugonjwa hata mara moja. Alianza na maswali. Nani anapika kwenu? Nani anachota maji? Nani akisema ng'ombe auzwe, anauzwa? Huyo wa mwisho alimwita mwenye kauli, na alikuwa radhi kuahirisha darasa zima mwenye kauli asipofika. "Mgonjwa nikimfundisha peke yake," aliniambia, "nimemfundisha kufa akiwa anajua kwa nini."

Kisha alimtaka kila mtu aliyekuja atamke neno saratani kwa sauti. Ungewaona! Wanaume wazima, wafugaji wa Igunga wenye fimbo zao, wakilimung'unya kama wanaungama. Huku kwetu ugonjwa ule haukuwa na jina. Ulikuwa uvimbe, ulikuwa "ule", ulikuwa mkono wa mtu. Matroni alisimama mbele ya mzee, akaweka kiganja sikioni, "Sijasikia, baba." Mzee akarudia. "Sijasikia." Mpaka ukumbi mzima unacheka na mzee mwenyewe anacheka, na neno limeshatoka.

Hapo ndipo nilipopata la kumtania, na nikajuta. Majirani wa siku nyingi walikuwa wamenidokeza kwamba mume wake mwenyewe alikufa kwa saratani ya koo, na msibani aliwaambia watu ni kifua. Siku moja tukiwa Bukene tunangoja treni, nikamwambia, "Matroni, na wewe ulishalitamka nyumbani kwako?" Alitafuna kipande chake cha mchembe mpaka kikaisha. "Nyumbani nilikuwa mke, Fundi. Sikuwa matroni."

Alikuwa na vituko vyake. Sukari aliipima kana kwamba imetoka hospitali. Hakupenda watu waombe katikati ya darasa, eti maombi yanawapa watu usingizi, lakini ndani ya basi rozari haikutoka mkononi. Alikataza kulia ukumbini. Kulia ni kwenu, alisema, hapa tuna kazi. Lakini darasa likiisha alikwenda nyuma ya jengo kuuosha ungo wake. Ungo wa punje kavu una uchafu gani wa kuoshwa muda wote ule? Sikumfuata.

Amri yake kubwa ilikuwa moja: ndugu wa mgonjwa asilaumiwe. Wapo waliokuja na mgonjwa ameoza kifua, wamemzungusha kwa waganga mwaka mzima, naye akawaambia, "Mmefanya vizuri kuja. Kaeni." Mimi nilikuwa natamani kuwapiga makofi. Nilimwambia hivyo. Akaniambia kuwa zamani, akiwa bado kazini, nesi mmoja alimsema mume wa mgonjwa mbele za watu. Yule bwana akamshika mkewe mkono wakaondoka, na hawakuonekana tena. "Nikimsema leo moyo wangu utatulia," alisema, "na kesho atabaki nyumbani na mgonjwa wake." Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa anayameza maneno yake.

Sasa nirudi kwenye lile bango la titi alilokuja kuniagiza, maana nimelizungukia vya kutosha. Ndani ya ungo wake mlikuwamo uwele, mtama, choroko, karanga, njugu mawe na kokwa la embe. Mwanamke wa vijijini hakujua sentimita, lakini punje alizijua kwa vidole, hata macho yakiwa yamefumbwa. Matroni alizipitisha mkono kwa mkono: uvimbe huanza hivi, halafu hivi, halafu hivi. Akanitaka nizichore, titi juu, punje chini yake kwa mstari, ndogo kushoto, kubwa kulia. Nilichora kwa moyo. Wanawake walilipenda lile bango. Walisogea wakagusa njugu mawe zangu kuona kama ni za kweli, nami nikavimba kichwa.

Halafu akaja mama mmoja kutoka Bukene, ameshuka na treni, anatabasamu. Ni mwanafunzi wetu, alikuwa amesikiliza somo la mlangoni kwa makini kabisa. "Matroni, nimekuja," akasema. "Lilipokuwa karanga nilivumilia. Lilipofika njugu mawe watu wakaniambia nenda, nikasema bado. Sasa limefika lile la mwisho kwenye picha." Akafungua khanga yake kutuonyesha, kama mtu anayetoa kazi aliyopewa na mwalimu.

Nani alaumiwe hapo? Huku jipu haliguswi mpaka liive. Karanga haing'olewi mpaka ikomae. Ukimwonyesha mkulima mbegu zimepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, atakuelewa mara moja: umemwonyesha wakati wa kuvuna. Tulikuwa tumewachorea msimu. Wangapi wengine walikuwa majumbani mwao wakingoja kokwa la embe, mpaka leo sijui, na Matroni hakujua, na hilo ndilo lililomla.

Alimwambia yule mama, "Umefanya vizuri kuja. Kaa." Alimsikiliza, akamsindikiza wodini. Alipotoka alikuja kibandani kwangu kwa miguu, jua kali, bila mwavuli. "Futa zote," akasema. "Bakiza mtama." Nilipaka rangi nyeupe juu ya zile punje, nikarudia. Lakini nilikuwa nimezichora kwa rangi ya mafuta, ya kahawia nzito, na kila bango lilipokaa juani zikaanza kuonekana tena kwa mbali. Tulilibeba hivyo hivyo, hela ya kitambaa cha bango jingine haikuwapo.

Tangu siku hiyo akawa na ombi moja tu, na kila aliyekaa naye alilijua. "Nataka mmoja. Aje na punje ya mtama, akatwe, atibiwe, arudi kulima. Mmoja tu, nimsimamishe mbele ya darasa." Hakutaka zaidi ya hapo. Miaka ikapita, wakaja wa kokwa, wakaja wa vidonda. Somo la kitandani likawa ndilo linalojaza ukumbi. Watu walilijua kwa moyo kuliko sala. Alilichukia. Aliniambia waziwazi kwamba somo alilolitunga vizuri kuliko yote ndilo alilotamani lisihitajike.

Mmoja akaja. Alikuwa mwanamke kijana wa Puge, mama wa mapacha, kwa hiyo sote tulimwita Mama Kulwa, kwa jina la aliyetangulia kutoka. Alikuwa ameketi nyuma darasani, ananyonyesha mtoto aliyefuata baada ya hao mapacha, na tulidhani hasikilizi. Baada ya siku chache alipanda basi peke yake mpaka Tabora. Matroni alinipigia simu. "Fundi, amekuja."

"Nani?"

"Yule mmoja wangu! Amekuja na mtama!"

Siku hiyo alichinja kuku. Mimi, mtu wa Tabora niliyezoea chai yake ya sukari ya kupimwa, nililishwa wali kwa kuku na chai tamu mpaka nikasinzia. Kipande kidogo kilichokatwa titini mwa Mama Kulwa kikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi kuwa ni saratani, na Matroni akatoka ofisini kwa daktari uso unang'aa. Nilimwona kwa macho yangu mtu akifurahia majibu ya saratani. Sababu ni kwamba saratani yenyewe ilikuwa ndogo bado, ilikuwa ya kukatwa, hospitali kubwa ya Mwanza ingeimaliza kazi.

Tukaenda Puge kuzungumza na familia. Mwenye kauli alikuwa kaka mkubwa wa mume, maana mume mwenyewe alikuwa machimboni upande wa Nzega, na hata angekuwapo asingesema mbele ya kaka yake. Alitupokea vizuri, tukapewa viti, tukapewa maziwa. Matroni akaeleza. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama shemeji yake, aliyekuwa ametoka shambani na jembe begani, matope miguuni, mtoto mgongoni.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

"Ndiye, baba."

"Huyu aliyelima tangu alfajiri?"

"Ndiyo maana tumekuja sasa, baba, kabla hajashindwa kulima."

"Matroni, samahani sana, nakuheshimu kama mama. Ng'ombe nitamuuza kwa ajili ya mtu aliyelala. Nikimuuza sasa kwa ajili ya huyu, siku akilala nitauza nini?"

Mama mkwe akaongeza la kwake. Mwanza ni mbali. Nani atamfuata kumpikia, nani atabaki na watoto? Na kisu kikigusa kitu ambacho hakijaiva, si kitatapakaa mwili mzima? Matroni akasema atakwenda naye yeye mwenyewe, atampikia. Mama mkwe akauliza kwa upole, "Akifia huko mikononi mwako, nani atamleta kwetu tumzike?" Wakakubaliana wangoje mavuno. Hawakuwa watu wabaya, naapa. Tulipoaga walitufungia karanga.

Tulirudi tena na tena. Mavuno yakapita, yakaja maandalizi ya shamba. Mume alirudi, akasema, "Sawa, Matroni," akarudi machimboni. Mama Kulwa alipelekwa kwa mganga akapakwa dawa nyeusi. Kila tulipofika alifungua khanga bila kuambiwa, na Matroni alipapasa, akaosha mikono. Mtama ukawa choroko. Mimi nikawa nazihesabu zile punje zangu kichwani, zile nilizozifuta. Siku walipouza ng'ombe wakampeleka Mwanza, titi lilikuwa limeshapasuka, na Mwanza wakawarudisha na chupa ya dawa ya maumivu.

Mara ya mwisho kukaa na Matroni kwa siku nzima ilikuwa ni huko Puge. Nilikuwa Nzega napaka ukuta wa duka la pembejeo, akanipigia kuwa atashuka kwenye basi asubuhi, nimpokee barabarani nimfikishe kwa Mama Kulwa. Alikuwa amezeeka ghafla. Nilipomsaidia kupanda pikipiki nilisikia uzito wake ulivyopungua. Njiani alizungumza kwa sauti ili upepo usimnyang'anye maneno.

"Misafara ya zamani ya kwenda ziwani ilipita huku huku, Fundi. Mpagazi akiugua aliachwa njiani na kibuyu cha maji. Sisi tumeendelea. Tuna lami. Tunawaacha nyumbani."

Tulimkuta Mama Kulwa amelazwa kwenye chumba kilichofagiliwa vizuri, dirisha wazi. "Mwangaluka," Matroni akawasalimu wenyeji, wakamwitikia. Halafu akaanza somo la kitandani, na nitasema ukweli: sijaona wanafunzi kama wale. Kaka mkubwa, yule mwenye kauli, alisaga vidonge vya flajili kwa mgongo wa kijiko mpaka vikawa unga laini wa kunyunyiza kidondani kuondoa harufu. Alifanya taratibu, ulimi nje, kama mtoto anayeandika. Mama mkwe aliuchuja mtori kwa kitambaa ili usimkwame mgonjwa. Mume, safari hii amerudi moja kwa moja, aliipima dawa ya maumivu kwenye bomba la sindano bila kupoteza tone. Upendo wote uliokosekana wakati wa mtama ulikuwapo pale, tele, na hauna pa kwenda. Nilitamani kuvunja kitu.

Nje uani kwao, kwenye kivuli cha ghala, kina mama wa jirani walikuwa wamekuja kumjulia hali. Mama mkwe akatoka kuwapa viti. Ukuta ni wa tofali za udongo, na kati ya ukuta na paa pana nafasi; kila neno liliingia ndani.

"Pole, mama. Kwani lilianza lini?"

"Tutajuaje? Alificha," tukamsikia mama mkwe akisema. "Wasichana wa siku hizi wanaficha. Angesema mapema."

Mama Kulwa alifumbua macho. Alikuwa amebaki macho tu. Akamshika Matroni kidole.

"Matroni. Mimi nilikuja mapema. Si ndiyo?"

"Ulikuja mapema, mwanangu."

"Waambie."

Matroni alinitazama. Sikuwahi kumwona amekosa la kufanya, na sikupenda kumwona. Akanivuta pembeni karibu na mlango. "Nikinyamaza atazikwa na uongo huo," akaninong'oneza. "Watoto wake wataambiwa mama yenu alificha. Nikisema, wale kina mama pale nje wataniuliza kama alikuja mapema, mbona anakufa. Na kuanzia leo hakuna atakayekuja na mtama, Fundi. Hakuna hata mmoja. Halafu nitakuwa nimewalaumu wenyewe, ndani ya nyumba yao."

Nilitaka kumwambia aseme. Nilitaka pia kumwambia asiseme. Nikabaki nimeshika kofia.

Akafuta mikono, akatoka nje. Nikamfuata mpaka kizingitini. Kaka mkubwa naye alitoka, kijiko cha flajili bado mkononi. Kina mama wakaamkia, Matroni akaitikia, kisha akasimama kama anavyosimama darasani, ila hakuwa na ungo.

"Mama Kulwa hakuficha," alisema. "Alikuja mapema. Alipanda basi peke yake akaja na punje ya mtama. Mapema kama yake sijaipata maisha yangu yote."

Kuku alikuwa anaparura chini ya ghala. Mwanamke mmoja mdogo, mtoto akiwa titini, ndiye aliyeuliza, tena kwa adabu:

"Sasa Matroni, kama alikuja mapema, mbona anakufa?"

Kaka mkubwa aliinamisha macho kwenye kijiko chake. Mama mkwe alijishika shavu. Matroni angeweza kunyoosha kidole, na wote tulijua angekinyoosha wapi.

"Alikuja yeye," akasema. "Sisi wengine hatukuja."

Yule mwanamke mdogo akaitikia kwa kichwa, akavuta khanga akajifunika vizuri kifua, na nikaona kwamba alichoelewa ni kuwa kuja mapema hakusaidii. Matroni naye aliona. Aligeuka akarudi ndani, anashika ukuta.

"Wamesikia?" Mama Kulwa akauliza.

"Wamesikia."

"Na watoto?"

"Kulwa yupo mlangoni. Amesikia."

Akafumba macho. Tulidhani amelala. Mama mkwe alikuwa ameingia nyuma yetu bila kutoa sauti, amesimama kando ya kitanda, hajui aweke wapi mikono yake.

"Haya," Mama Kulwa akasema. "Nigeuzeni."

Mama mkwe akakunja khanga mikononi, akapiga goti. Akamshika begani na nyongani, kama alivyofundishwa, akamgeuza vizuri kabisa.